Wachokonozi: kompyuta iliyoimba ndani ya redio, na amplifaya ya baba iliyoponea kwenye mizani

Najua nimeadimika. Zilikuwa wiki za tesiti, na wale wa uhandisi wanaelewa nikisema tesiti nina maana gani. Leo nimepumua, nimeona nirudi na kitu kinachonikaa kichwani tangu mwezi uliopita.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kufuata unga na mchele (bumu lilikuwa limeshakata kitambo). Nafika, namkuta baba anapatana bei na kijana wa vyuma chakavu. Pale chini kuna feni iliyokufa, sufuria mbili zilizotoboka, na ile amplifaya yetu ya sebuleni. Ile ile ambayo sikukuu zote za utotoni nilikaa mbele yake.

"Shikamoo baba. Mbona hiyo inaenda? Si inapiga?"

"Marahaba. Inapiga nini? Kaseti zenyewe ziko wapi siku hizi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba nipewe mimi. Mzee akacheka, akasema chukua, ila ukichoka kuhangaika nayo utaileta mwenyewe kwenye mizani.

Basi bwana, nikaipandisha daladala mpaka hosteli. Nina Raspberry Pi, ile kompyuta ya bodi moja inayotosha kwenye kiganja, niliyoinunua kwa mwenzetu aliyemaliza mwaka jana. Nikachomeka waya kutoka tundu lake la hedifoni mpaka tundu la AUX la amplifaya. Ikaimba, lakini nyuma ya wimbo kulikuwa na mvumo kama mtu anakaanga mihogo. Rumeti wangu akaondoa neti ya mbu usoni akauliza: "Mkuu, hiyo ni redio au jiko?"

Nikaanza kutafuta kwa nini inavuma hivyo. Nilitafuta dawa ya mvumo, nikakuta historia ya miaka hamsini. Ripoti ya maabara ikalala. Sasa nawasimulia, maana nimegundua kumbe watu wanaochezea bodi hizi walianza kudai muziki tangu siku za mwanzo kabisa, kabla hata bodi hazijawa na kibodi wala skrini.

Tuanzie Januari 1975, Marekani. Jarida la Popular Electronics lilitoka na picha ya sanduku moja juu ya jalada, linaitwa Altair 8800. Lilitengenezwa na kampuni ndogo ya MITS ya Ed Roberts, mjini Albuquerque, New Mexico. Ukilipa dola 397 unatumiwa vipande, unalehemu mwenyewe. Ndani kuna chipu ya Intel 8080 na memori ya baiti 256. Baiti 256, wadau! Hii aya mnayosoma haiingii humo. Haikuwa na kibodi, haikuwa na skrini. Mbele kuna swichi za kupandisha na kushusha na vitaa vyekundu. Unaingiza programu kwa kidole, swichi baada ya swichi, halafu unaangalia vitaa vinavyowaka. Basi. Ndiyo kompyuta hiyo.

Na bado oda zilimiminika kwa maelfu mpaka MITS wakazidiwa. Mmoja wa walioagiza, Steve Dompier wa California, alisafiri mpaka Albuquerque kwenda kuona mwenyewe kinachoendelea kule.

Tarehe 5 Machi 1975 watu wa aina hiyo walikutana mara ya kwanza kwenye gereji ya Gordon French, Menlo Park, California. Kikundi chao wakakiita Homebrew Computer Club. Hawakuwa na mtaji wala bosi. Walikuwa wachokonozi tu: mtu analeta alichotengeneza, wenzake wanakikagua, anayejua anamwelekeza asiyejua. Mimi nitatumia jina hilo hilo, wachokonozi, maana sijapata neno linalowafaa zaidi. Mtu anayefungua kitu kisichoharibika ili aone kama kinaweza kuwa bora, huyo ni mchokonozi.

Mwezi uliofuata Dompier akaja na Altair yake na redio ndogo. Hakusema mengi. Akaanza kuingiza programu kwa swichi, moja moja. Umeme ukakatika, kila alichoingiza kikafutika. (Sisi wa mgao tunamwelewa vizuri sana.) Akaanza upya. Alipomaliza akaiwasha, na kwenye redio ukasikika wimbo wa The Beatles, The Fool on the Hill. Kisha ikafuata Daisy Bell, wimbo ambao kompyuta kubwa ya IBM ilikuwa imeimbishwa mwaka 1961 katika maabara za Bell. Watu wakasimama kushangilia.

Hapa mtu anauliza: Altair ilikuwa na spika? Haikuwa nayo. Ilikuwa na tundu la sauti? Halikuwepo. Dompier aligundua kwamba akiweka redio karibu na mashine, redio inakwaruza, na mkwaruzo unabadilika kufuatana na kazi ambayo chipu inafanya. Ni kelele zile zile unazosikia ukiweka simu karibu na spika. Akawaza: nikiiambia chipu izunguke kwenye duara fupi la amri, mlio utakuwa juu, duara likiwa refu, mlio utashuka. Akapima kila duara litoe noti gani, akapanga noti zikawa wimbo. Yaani kasoro ya mashine ndiyo aliyoigeuza kuwa ala ya muziki, na chombo chake cha pili kilikuwa redio ya nyumbani.

Lakini tusiwape sifa bila kusema ugomvi wao. Kampuni changa ya Bill Gates na Paul Allen ilikuwa imeandika lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair, ikiuzwa kwenye mkanda wa karatasi wenye matundu. Wachokonozi wakauzalisha na kugawiana bure. Mwezi Februari 1976 Gates akaandika barua ya wazi kuwalaumu: mnalipia vifaa, kwa nini kazi ya kuandika programu hamtaki kuilipia? Nilipoisoma nilijisikia vibaya kidogo, maana nyimbo nyingi kwenye flashi yangu nimezipata wapi? Tuache hapo. Swali la nani anamiliki kilichomo ndani ya kitu ulichonunua lilianza siku zile, na halijaisha.

Mwaka huo huo wa 1976 ikatoka bodi ninayoona ndiyo babu halisi wa hii yangu. Kabla yake, Septemba 1975, Chuck Peddle na wenzake wa MOS Technology walikuwa wameanza kuuza chipu yao ya 6502 kwa dola 25, wakati chipu za washindani zilikuwa za mamia. Ili wahandisi waijaribu, wakatengeneza bodi moja iliyokamilika, KIM-1, dola 245. Vibonye vidogo kama vya kikokotozi, tarakimu sita nyekundu, memori ya kilobaiti moja. Ilikusudiwa wahandisi, lakini wachokonozi wakaichukua wao.

Cha kufurahisha ni kwamba KIM-1 ilikuwa na njia ya kuunganisha redio kaseti. Ile ile ya kusikilizia muziki. Ukimaliza kuandika programu, bodi inaigeuza kuwa milio, unairekodi kwenye kaseti, kesho unairudisha. Tatizo lilikuwa mwendo. Kujaza hiyo kilobaiti moja kulichukua zaidi ya dakika mbili. Jim Butterfield wa Toronto, Kanada, akaandika programu fupi aliyoiita Hypertape, ikarekodi mara sita ya mwendo ule. Kaseti ile ile, redio ile ile, bodi ile ile. Hakununua hata skrubu. Nawaambia jamani, hapo nilisimamisha kusoma nikatazama ukuta. Sisi tukiona kitu kinakwenda pole pole, wazo la kwanza ni kununua kipya.

Halafu akaja Hal Chamberlin. Mwezi Septemba 1977 aliandika kwenye jarida la BYTE namna ya kuifanya kompyuta ndogo ipige muziki wa kweli, na KIM-1 ikapigishwa sauti nne kwa pamoja. Siri yake ilikuwa kigeuzi, kile ambacho mafundi wanakiita DAC. Kompyuta inajua namba tu. Spika inajua umeme unaopanda na kushuka tu. DAC inakaa katikati kama mkalimani: inapokea namba, inatoa kiwango cha umeme kinacholingana nayo. Yake ilikuwa ya biti 8, maana yake ngazi 256 kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Kiini chake ni vizuizi vya umeme vilivyopangwa kwa hesabu, kila biti ikichangia nusu ya ile iliyoitangulia. Tuliosoma saketi mwaka wa pili tunaifahamu ngazi hiyo. Tuliifanyia tesiti bila kuambiwa kwamba watu waliitumia kupiga muziki!

Sasa tuvuke bahari mpaka Cambridge, Uingereza, maana ile 6502 ilifika huko na kuzaa. Mwaka 1979 kampuni ya Acorn ilitoa kompyuta yake ya kwanza, System 1, iliyobuniwa na Sophie Wilson. Ina 6502, vibonye vichache, tarakimu nyekundu, na njia ya kaseti. Ukiiweka karibu na KIM-1 utasema ni ndugu. Mwaka 1981 Acorn wakatoa BBC Micro iliyoingia mashuleni, ikiwa na Model A na Model B. Kisha wakataka chipu yao wenyewe, na mwaka 1985 Sophie Wilson na Steve Furber wakaitoa: ARM. Ndiyo hiyo hiyo. Simu uliyoshika sasa hivi ina mjukuu wake.

Ndiyo maana tarehe 29 Februari 2012, Eben Upton na wenzake wa Cambridge walipotoa Raspberry Pi, waliita bodi zao Model A na Model B. Upton alikuwa amegundua kwamba wanaoomba kusoma kompyuta chuoni kwake wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuchokonoa chochote. Akataka bodi rahisi ambayo mtoto hataogopa kuiunguza. Model B iliuzwa dola 35. Kundi la kwanza lilikuwa bodi 10,000, na tovuti za wauzaji zilizidiwa asubuhi ile ile.

Na wachokonozi walidai nini? Muziki, bila shaka. Wakakutana na mvumo wangu wa mihogo.

Sababu yake ni hii. Ili bei ibaki chini, Pi haikuwekewa DAC ya maana. Tundu lake la hedifoni linadanganya sikio: chipu inawasha na kuzima umeme haraka mno, na kichujio rahisi kinalainisha matokeo. Ni kama kuchezea swichi ya taa haraka mpaka jicho lione mwanga wa wastani. Ubora wake hukadiriwa kama biti 11, yaani ngazi 2,048. CD iliyotoka mwaka 1982 ina biti 16, ngazi 65,536. Sasa ongeza uchafu wa umeme kutoka kwenye chaja ya bei poa... ndiyo jiko la rumeti wangu hilo.

Lakini kwenye bodi kuna pini. Na baadhi ya pini hizo zinaweza kusema lugha inayoitwa I2S, ambayo Philips waliichapisha mwaka 1986 ili chipu za CD zipelekeane sauti bado ikiwa namba safi. Waya tatu tu: mmoja unapiga mdundo wa saa, mmoja unasema hii ni kushoto au kulia, mmoja unabeba namba zenyewe. Wachokonozi wakaandika programu za kuzifungua pini hizo, wakaanza kutengeneza bodi za DAC za kupachika juu. Mwaka 2014 Pi ilipopata pini 40, bodi hizo zikawa zinakaa juu yake kama kofia. Chamberlin wa 1977 amerudi, safari hii na ngazi nyingi zaidi.

Sasa sikilizeni kisa kilichonifanya niandike yote haya.

Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, ilitoa kifaa cha kupiga muziki sebuleni kwa kuuvuta kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao wa nyumbani. Mwaka 2003 kikafuata Squeezebox. Kifaa kilikuwa kinauzwa, lakini programu ya seva iliyokiendesha iliachwa wazi, yeyote aisome na kuibadilisha. Logitech wakainunua kampuni hiyo mwaka 2006. Wachokonozi waliendelea na vyao. Kwa mfano Squeezebox Touch ya 2010 ilitengenezwa kupokea sauti mpaka kilohezi 96. Mmoja wao akaandika programu ya nyongeza ikafikisha 192 kwenye njia ya kidijitali. Butterfield mwingine.

Mwezi Agosti 2012 Squeezebox ikasitishwa. Miezi sita tu baada ya Raspberry Pi kuzaliwa. Kwa kawaida kifaa kikisitishwa, hadithi imekwisha: unasubiri kife, unakwenda kwenye mizani. Hapa haikwenda hivyo, kwa sababu seva ilikuwa wazi. Wachokonozi waliandika programu ndogo, Squeezelite, inayoifanya kompyuta yoyote ijifanye Squeezebox. Wakatengeneza piCorePlayer, mfumo mzima unaokaa kwenye Pi na kufanya kazi ndani ya RAM, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kadi haiharibiki. Waliotengeneza sidhani waliifikiria hosteli yetu, lakini kama wangetuuliza tusingeomba kingine. Mwaka 2024 Logitech wakafunga na tovuti iliyokuwa inahudumia vifaa hivyo. Wachokonozi wakahamishia mambo kwenye seva zao za nyumbani, programu ikabadilishwa jina kuwa Lyrion Music Server, na masanduku yaliyonunuliwa miaka ishirini nyuma yakaendelea kuimba.

Kampuni iliondoka, kifaa kikabaki. Nimefikiria vitu vingapi vya kwetu vimekufa si kwa kuharibika, bali kwa sababu mwenye seva amezima swichi huko aliko.

Nisije nikawauzia ndoto lakini. Pi yenyewe haiko wazi yote. Sehemu ya programu inayoiamsha imefungwa. Na chipu zilipoadimika kuanzia 2021 mpaka 2023, viwanda vilitangulizwa kwenye foleni, sisi wachokonozi tukaambiwa tusubiri, bei za mkononi zikapaa. Tena wachokonozi nao wana mambo yao. Kuna wanaonunua waya wa bei ya ada ya muhula wakisema wanasikia tofauti. Mimi nasikia njaa tu.

Turudi chumbani. Nilipata bodi ndogo ya DAC yenye chipu ya PCM5102 kwa jamaa wa Kariakoo. Nikalehemu zile waya tatu kwenye pini ya 12, ya 35 na ya 40, nikaweka umeme na ardhi, nikaongeza mstari mmoja kwenye faili la config.txt. Nikawasha. Kimya. Siku mbili kimya! Rumeti akaanza kuipigia mahesabu ya vyuma chakavu. Kumbe bodi zile za bei rahisi zina pini moja, SCK, isipotumika lazima iunganishwe na ardhi, la sivyo chipu inangoja mdundo ambao hauji. Tone moja la risasi, nikawasha tena.

Wadau, mihogo iliisha. Ikabaki besi ya Sikinde na lile gitaa linalotembea juu yake. Rumeti akakaa kitandani, hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha. Halafu akasema, "Rudia."

Nikampigia baba, nikaweka simu mbele ya spika. Kimya kidogo upande wa pili. Halafu nikasikia anamwita mama: "Njoo usikie, ile redio yetu iko chuo." Alipoirudisha simu sikioni akaniuliza swali moja: "Sasa likizo unakuja nayo, au umeshaihamisha ukoo?"

Nakuja nayo. Na nitamletea na kigeuzi chake.

Nisiwachoshe. Ripoti ya maabara bado inanisubiri, na safari hii sina pa kujificha. Kama nyumbani kwenu kuna amplifaya, redio au spika iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati, kabla hujamwita yule kijana wa mizani, itazame nyuma. Ikiwa na tundu la AUX, niambie. Jumapili jioni nipo chumbani, pasi ya kulehemu ninayo, risasi uje nayo.

Alamsiki.